Gari Lisiloachia Mwendo

Jumanne hiyo Mzee Muhdhar alifika gereji kwa Kambi kabla ya saa mbili asubuhi, akazima gari, akabaki ndani amekaa. Kambi alikuwa amelala chini ya pikapu, na kutoka pale alizitambua zile tairi pana zenye vikombe vya kung'aa. Akangoja kusikia mlango ukifunguliwa. Kwa kawaida mzee alikuwa ameshateremka na kuuliza hali za watu wote kabla injini haijapoa. Safari hii mlango haukufunguka. Kambi akajivuta nje, akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda dirishani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee alikuwa akitazama mbele, vidole vikigongagonga usukani. "Jana gari limekataa kusimama."

Alilisema kama anayetoa habari ya mtu mwingine.

Mzee Muhdhar alikuwa mtu wa Siyu kwa asili. Alifanya kazi chumba cha injini katika meli za mizigo miaka ishirini na saba, na alipostaafu mwaka 1981 alirudi na gari alilolinunua Southampton: gari la Kijerumani la mwaka sabini na tatu, la watu wawili, hema lake la kitambaa hukunjwa nyuma. Gia zake zilijibadilisha zenyewe, kwa hiyo dereva hakuhitaji klachi, mguu mmoja ulitosha. Na lilikuwa na kitu ambacho mafundi wengi wa Malindi hawakuwahi kukiona. Kando ya usukani palikuwa na kijiti. Ukishafika mwendo unaoutaka unakisukuma juu, unatoa mguu, na gari lenyewe linashika mwendo ule ule, mlima au tambarare, mpaka utakapogusa breki. Ukigusa breki, mtambo unaachia. Mzee aliuita mtambo huo Serahangi, jina la msimamizi wa mabaharia, kwa sababu, alivyosema, unasimamia kazi wakati mkubwa amekaa.

Aliuhitaji kweli. Goti lake la kulia liliumia alipoanguka ngazi za meli, na kuikanyaga pedali ya mafuta kutoka Malindi hadi Kilifi, karibu kilomita sitini, kulimfanya mguu wote ukaze kama ubao. Naye alikwenda Kilifi kila siku isipokuwa Ijumaa. Hakuwa na shughuli huko. Aliegesha juu ya mteremko wa feri, akanywa chai, akatazama malori yakipakiwa, akageuza. Nyumbani kwake, mtaa wa Barani, hakukalika. Barazani alisimama kabla kikombe cha kahawa hakijaisha, akazunguka nyumba, akarudi, akasimama tena. "Nikikaa, nyayo zinaniwaka moto," alisema, na watu wakacheka, wakijua ni bahari imemharibu.

Kambi alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa miaka thelathini na sita, gereji yake ya mabati ikiwa ukingoni mwa mtaa wa Kisumu Ndogo. Mwaka uliotangulia mtambo ule uliwahi kukataa kushika kabisa, na mafundi watatu wa Mombasa wakaufungua na kuufunga bila kupata kitu. Kambi alikaa nao siku mbili kisha akazunguka nyuma ya gari akaona taa za breki haziwaki. Balbu zote mbili zilikuwa zimekufa, na mtambo ulikuwa unaisikia breki kwa kupitia balbu hizo. Alitia balbu mpya na mtambo ukashika. Tangu siku hiyo Mzee Muhdhar hakukubali mkono mwingine uliguse gari lake.

"Limekataaje kusimama?" Kambi aliuliza.

"Nilikuwa nimemwachia Serahangi tangu Gede. Nafika pale juu ya feri, nakanyaga breki, gari halisikii. Nakanyaga tena mpaka mwisho. Linakwenda tu, mwendo ule ule, na mbele yangu lori la makonge limesimama."

"Ukafanyaje?"

"Nikazima ufunguo, nikavuta breki ya mkono, nikaliingiza mchangani." Vidole viliacha kugonga. "Watu walipokuja nikawaambia nimesimama kupumzika. Hafidha asijue."

Hafidha alikuwa binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa naye tangu mama yake alipofariki.

Kambi alianza kazi siku ile ile. Juu ya kanyagio la breki kulikuwa na swichi ndogo. Aliipima kwa balbu na waya, akakanyaga mara hamsini, balbu ikawaka mara hamsini. Akatazama taa za nyuma. Zilikuwa nzima. Akafuata waya wa chuma unaovuta mafuta kule kwenye injini, akauona unateleza vizuri, akaupaka grisi hata hivyo. Jumatano akalitoa sanduku lenyewe la mtambo chini ya dashibodi, akalifungua mezani, akazikagua sehemu za lehemu moja moja kwa kioo cha kukuzia. Mbili zilimtia shaka, akazichomelea upya. Akalirudisha, akaingia barabarani.

Hadi Gede na kurudi, mara nne. Kila alipogusa breki mtambo uliachia, akisikia kamlio kadogo chini ya miguu yake. Mara ya tano akaenda mpaka Kilifi kwenyewe, akashuka kwenye mteremko wa feri akiwa ameshikilia breki ya mkono. Mtambo uliachia kama kawaida na gari likasimama palepale alipotaka.

Hapo ndipo alipoanza kukosa raha. Kitu kilichoharibika hakimtishi fundi. Kinachomtisha ni kitu kizima ambacho mwenyewe anaapa kimeharibika. Na tena kulikuwa na neno moja lililomkera katika maelezo ya mzee. Kama ni mtambo tu ulioshindwa kuachia, breki ingeshindana nao. Gari lingepungua mwendo, lingetetemeka, injini ingenguruma. Mzee alisema gari halikusikia kabisa. Basi akafungua magurudumu yote manne. Pedi za breki zilikuwa bado nene. Akabadilisha mafuta ya breki, akatafuta penye kuvuja, hakuona.

Isitoshe, ndani ya gari kulikuwa na harufu. Haikuwa ya petroli wala ya waya ulioungua. Ilikuwa ya kitu kilichooza. Alidhani ni panya aliyefia chini ya kiti, akatoa viti vyote viwili, akabandua zulia. Panya hakuwepo. Akalifua zulia kwa sabuni, akalianika juu ya mabati.

Nyumbani mkewe, Jedida, alimtazama akisimama kutoka kwenye sahani ya wali.

"Umekula vijiko vitatu."

"Nakwenda kuangalia kitu."

"Kitu hicho umekiangalia tangu juzi."

"Naam. Na sijakiona."

Alhamisi alasiri, masomo ya siku yalipokwisha, Hafidha alikuja gereji. Alisimama kwenye kivuli cha mabati, buibui lake limepata vumbi pindoni, mkoba wa madaftari begani.

"Kaka Kambi, nimesikia yaliyotokea Kilifi. Mwuza chai wa pale ana ndugu Barani."

Kambi akaweka bisibisi chini.

"Sitaki kukugombanisha naye," Hafidha alisema. "Nataka jambo moja. Mwambie huo mtambo hauna dawa. Mwambie vipuri vyake havipatikani tena. Bila Serahangi goti halitamfikisha hata Watamu. Ataacha mwenyewe."

"Hataacha, dada Hafidha. Unamjua wewe kuliko mimi."

"Ataacha. Atanuna mwezi, kisha atazoea." Alihamisha mkoba bega la pili. "Kila siku nikiwa darasani nasikiliza mlango. Mwalimu mkuu akipita tu, moyo unaniruka, nadhani amekuja kuniambia. Waya mmoja tu, kaka. Ukate. Si dhambi hiyo."

Akaenda zake bila kungoja jawabu.

Ijumaa asubuhi Kambi aliingia kichwa chini ya dashibodi, koleo mkononi. Alikuwa ameshauchagua waya, ule mwekundu wenye mstari mweusi, unaopeleka umeme kwenye sanduku. Kuukata kulikuwa kazi ya pumzi moja. Ameshindwa kupata ubovu, mwenye gari ana hatari, na binti yake ameomba. Aliufungulia mdomo wa koleo pale kwenye waya na akabaki hivyo, damu ikimshukia kichwani.

Kisha akajiuliza: ikiwa mtambo ni mzima na breki ni nzima, nikikata waya huu nitakuwa nimetengeneza nini? Lile jambo lililotokea Kilifi litakuwa bado lipo ndani ya gari hili, mahali nisipopaona, na mzee atalibeba barabarani. Serahangi awepo au asiwepo.

Akaondoa koleo. Alasiri alikwenda Barani akamkuta mzee anazunguka ua.

"Sijaona kitu," alimwambia. "Kesho nataka uendeshe wewe, mimi nikae kando. Fanya kila kitu kama ulivyofanya Jumatatu. Usibadilishe hata kiatu."

"Kiatu nitabadilisha cha nini," mzee alisema. "Nina jozi moja tu ya kuendeshea."

Jumamosi waliondoka saa tatu. Hema lilikuwa wazi, na hata hivyo ile harufu ilikuwapo tena, nyepesi, ikija na kupotea. Kambi alifikiri zulia halikukauka sawasawa. Mzee aliendesha vizuri. Mikono yake ilitulia pale tu, kwenye usukani, na usoni alionekana mtu mwingine. Walipopita Gede, msitu wa Arabuko Sokoke ukiwa umewafunga upande wa kulia, alifika kilomita themanini, akasukuma kijiti, akauvuta mguu akauweka sakafuni.

"Haya," alisema. "Huyo sasa ni Serahangi."

Walikwenda. Kambi alitazama mshale wa mwendo. Haukutikisika. Alisikiliza injini, akatega sikio kwa sanduku chini ya dashibodi, akapapasa waya kwa vidole kuona kama kuna unaopata moto. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Mzee alimsimulia habari za bandari moja alikokwama wiki tatu kwa mgomo wa makuli. Walipita Matsangoni. Dakika ya thelathini barabara ilikuwa nyeupe mbele yao, haina mtu ila mikokoteni miwili mbali sana, ng'ombe wakienda polepole.

"Sasa," Kambi alisema. "Kanyaga breki."

"Nakanyaga."

Gari halikupungua.

"Kanyaga, Mzee."

"Nimekanyaga mpaka mwisho. Umeona? Umeona mwenyewe?" Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu aliyekuwa akidhaniwa mwongo. "Halisikii."

Kambi hakusikia kale kamlio kadogo. Aliinama ili atazame swichi juu ya kanyagio, na hapo akauona mguu. Kiatu cheusi cha mzee kilikuwa kimekandamiza zulia, katikati ya makanyagio mawili. Goti lilikuwa likitetemeka kwa nguvu alizokuwa akizitia. Alikuwa anasukuma sakafu.

Mikokoteni haikuwa mbali tena. Kambi alinyoosha mkono, akakishusha kijiti, akasikia injini ikitulia, kisha akavuta breki ya mkono kidogo kidogo mpaka gari likasimama kwenye majani, mita chache nyuma ya ng'ombe wa mwisho. Mwenye mkokoteni aligeuka, akawapungia mkono, akaendelea.

Mzee ndiye aliyeanza.

"Sasa umeamini gari ni bovu."

"Mzee," Kambi alisema. "Mguu wako haukuwa kwenye breki. Ulikuwa kwenye zulia."

"Unasema nini?"

"Tazama chini. Bado uko pale pale."

Mzee Muhdhar alitazama. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Akauinua mguu kwa mkono wake, akishika suruali, akauweka juu ya kanyagio. Kanyagio likashuka chini yake. Akauondoa.

"Umeteleza," alisema.

"Haukuteleza. Ulikuwa ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Hukusikia tofauti?"

"Wewe mtoto wa juzi utaniambia mimi sijui mguu wangu uko wapi?"

"Naomba uvue kiatu."

"Sivui kiatu njiani kama mwendawazimu."

Kambi akateremka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye majani. Alipokishika kile kiatu, harufu ilimpanda puani, na akajua kwamba panya aliyemtafuta siku tatu hakuwa chini ya kiti. Alifungua kamba. Mzee hakumzuia. Kiatu kilitoka kwa shida. Soksi ilikuwa imegandia. Msumari mdogo wa soli ulikuwa umechomoza ndani, na juu yake, chini ya kidole gumba, palikuwa na kidonda kipana kama sarafu, cheusi pembeni, kinatoa maji.

"Hiki kimekuuma tangu lini?"

Mzee alikuwa ameinama, uso karibu na magoti yake.

"Hakijaniuma," alisema taratibu. "Sikujua kama kipo."

Kambi ndiye aliyeendesha kurudi. Hakwenda Barani, alikwenda moja kwa moja hospitali, akamtuma mtu amwite Hafidha. Daktari alipima damu na mkojo, akauliza maswali ambayo mzee aliyajibu kwa neno moja moja. Ilikuwa sukari, tena ya miaka mingi. Sukari hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwasha nyayo barazani, na ndiyo iliyoziua. Alipelekwa Mombasa jioni ile ile. Walimkata vidole viwili. Daktari wa huko alimwambia Hafidha kwamba wiki moja zaidi na wangekuwa wanazungumzia goti.

Hafidha alimletea Kambi habari hizo mwenyewe. Alisimama pale pale kwenye kivuli cha mabati.

"Kama ungeukata ule waya," alisema, kisha hakumaliza.

"Nilishaushika," Kambi alimwambia. Hakutaka adhani vingine.

Mzee aliporudi Malindi alikataa kumwona Kambi. Mara tatu Kambi alikwenda Barani, mara tatu akaambiwa mzee amelala, na mara zote tatu alisikia mkongojo ukigonga sakafuni ndani, kwenda na kurudi. Alijirudisha gereji akafanya kazi za watu ovyo ovyo. Gari la mzee lilikuwa kwake bado, amelifunika turubai, na kila alipolipita alijiona kama aliyempokonya mtu kitu. Jedida alimwambia kwamba ameokoa uhai wa mzee. Alijua. Kujua hakukumsaidia.

Mwezi wa pili tangu mzee arudi ulipoanza, Hafidha alimpitia akasema, "Anakuita."

Alimkuta barazani, mguu umefungwa bendeji na kupandishwa juu ya mto, karatasi zimetapakaa magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa." Hakumtazama. "Nilikuchukia siku ishirini. Baada ya hapo nikachoka."

Kambi akakaa.

"Mwaka juzi nyayo zilikuwa zikiwaka mpaka nalia," mzee alisema. "Kisha zikaanza kunyamaza. Kwanza vidole, kisha wayo. Nikamshukuru Mungu. Nilidhani nimepona." Alizikusanya zile karatasi, zikamtoka, akazikusanya tena. "Mtu wa mitambo mimi. Injini ikinyamaza ghafla, naijua imekufa. Mguu wangu mwenyewe nikaufurahia."

Akamkabidhi karatasi. Ilikuwa mchoro wa kalamu ya risasi, safi, wenye vipimo. Fimbo ya chuma ilitoka kwenye kanyagio la breki ikapanda hadi kwenye mshikio kando ya usukani. Nyingine, nyembamba, ilitoka kwenye kanyagio la mafuta. Mtu angeweza kuendesha kwa mikono mitupu.

Kambi aliusoma kwanza kama fundi na akaona ni kazi inayowezekana. Kisha akainua macho. Hafidha alikuwa mlangoni, mikono imefumbatwa.

"Daktari amesemaje?" Kambi aliuliza.

"Amesema nisikanyage," mzee alisema. "Hapo pana kukanyaga?"

"Dada Hafidha?"

Hafidha aliutazama mguu wa baba yake. "Anatembea na mkongojo usiku na mchana," alisema. "Kidonda hakitafunga hivi. Anapochora ndipo anapokaa."

"Nitatengeneza," Kambi alimwambia mzee. "Lakini hutatoka barabarani mpaka mimi mwenyewe nitosheke. Nikisema bado, ni bado."

"Wewe ndiye fundi," mzee alisema, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kusahihisha kipimo kwenye ukingo wa karatasi.

Kazi ilichukua majuma saba, kwa kuwa mzee alibadilisha mchoro mara nne na mara zote nne alikuwa na haki. Siku ya kujaribu walilipeleka gari uwanja wa mpira wakati wa asubuhi, hakuna mtu. Mzee aliketi kwenye usukani, kiatu kipana cha kitambaa mguuni, Kambi kando yake. Akavuta fimbo ya mafuta, gari likaenda. Akasukuma ya breki, likasimama ghafla mno, vichwa vyao vikaenda mbele.

"Tena," mzee alisema.

Walirudia mpaka goli na kurudi, goli na kurudi. Mara ya tisa lilisimama kama limeshikwa kwa mikono. Hafidha alikuwa amekaa ukingoni juu ya jiwe, mkoba wake magotini. Alisimama, akavuka uwanja, akafungua mlango wa dereva.

"Teremka, Baba," alisema. "Nataka nijue mwenyewe breki inavyoshika."

Mzee Muhdhar alimtazama Kambi, Kambi akatazama pembeni. Basi mzee akachukua mkongojo wake, akateremka polepole, akampisha.